Mji Hauonekani Dirishani mwa Basi

Msimu wa kaskazi uingiapo, baina ya Novemba na Machi, bandari ya Kilindini hupokea wageni wa namna ya pekee. Si mabaharia wa mizigo wala wachuuzi wa majahazi. Ni abiria wa meli za kitalii, majumba yale yaeleayo baharini yenye ghorofa juu ya ghorofa, ambayo hufunga gatini asubuhi na mara nyingi huondoka kabla ya giza kuingia. Abiria atakaye kuiona Mombasa hupewa kibandiko chenye nambari, akapandishwa basi lenye nambari hiyo hiyo, na kuambiwa saa ya kurejea. Akichelewa, meli haimngoji.

Ziara yenyewe inajulikana na kila dereva. Basi hupita chini ya pembe za alumini katika Barabara ya Moi, likapunguza mwendo ili picha zipigwe. Hufuata Ngome ya Yesu, ambako wageni huhimizwa tangu mlangoni wasipoteze wakati. Kisha huja kipande cha Mji wa Kale, hatua chache tu, nazo ni mbele ya maduka. Baadaye ni Marikiti kununua bizari na mdalasini, na mwisho Changamwe kwa wachonga vinyago. Jua linapoanza kuinama, mgeni yu juu ya meli tena, na katika daftari yake Mombasa imekwisha kutiwa alama: nimeiona.

Je, ameiona kweli? Hilo ndilo swali ninalotaka tulitafakari leo, wasomaji wapenzi, na hasa nyinyi walimu na wanafunzi. Sina haja ya kumcheka mgeni. Amelipa nauli yake, na saa si zake. Hoja yangu ni kwamba ziara hii ya mbio imekuwa na mtindo wake wa kuusimulia mji, na mtindo huo hautoki mjini pamoja na meli. Hubaki hapa, ukaingia katika midomo yetu, katika vitabu vyetu na katika madarasa yetu.

Zamani mgeni wa pwani hii aliletwa na upepo. Jahazi lililoteremka na kaskazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi au Bara Hindi halikuwa na budi kungoja kusi ivume ili lirejee kwao. Kungoja huko kulikuwa kwa miezi, si kwa saa. Baharia alipanga nyumba, akakopa na kukopesha, akaumwa na kuuguzwa, pengine akaoa. Ushahidi wa maisha hayo tunao vinywani. Maneno "bandari" na "nahodha" yana asili ya Kiajemi. "Gari" na "laki" yalitoka Bara Hindi. Na ya Kiarabu hayahesabiki. Neno huhamia pale ambapo mtu amekaa. Mgeni wa saa sita hawezi kutuachia neno, wala hawezi kuondoka na letu, isipokuwa lile la salamu lililoandikwa kwenye fulana.

Lakini tusiharakishe kusema kwamba kosa ni uchache wa saa. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Tanja alifika Mombasa akielekea Kilwa, akalala usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Hata hivyo, katika maelezo ya safari yake ametuachia mambo ambayo bila yeye tusingeyajua. Aliona kuwa watu wa kisiwa hawalimi nafaka bali huletewa kutoka nchi ya pwani. Kuwa chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Kuwa misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Na kuwa mlangoni mwa kila msikiti pana kisima kimoja au viwili, na chombo cha mti cha kutekea maji, ili mtu aoshe miguu kabla ya kuingia, kwani watu walitembea pekupeku. Huyo naye alikuwa na haraka. Tofauti ni kwamba alitazama watu wanafanya nini na maji yao, chakula chao na miguu yao. Hakuonyeshwa mji, aliuangalia.

Basi kasoro ya ziara ya leo ni nini hasa? Mimi ni mtu wa isimu, na mwanaisimu hawezi kusikia hadithi bila kuzichungua sentensi zake. Msimu mmoja niliandamana na wageni wa kitaaluma katika basi la aina hii, nikajishughulisha na jambo moja tu: kila mwongozaji aliponena, nilitafuta kiima cha sentensi. Nani alitenda? Wareno walifika. Wareno walijenga. Waarabu wa Omani waliiteka. Waingereza walitawala. Waingereza waligeuza ngome kuwa jela. Mji wenyewe ulitajwa mara nyingi, lakini daima ukiwa umetendwa: ulivamiwa, ulichomwa, ulijengwa, ulitawaliwa. Mwenyeji wa Mombasa hakuwa kiima cha hata sentensi moja, ila pale tulipoambiwa kwamba anauza vinyago.

Mwongozaji yule hakusema uongo. Ni kweli kwamba Ngome ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitalia. Ni kweli kwamba Waomani waliitwaa Desemba 1698 baada ya kuizingira tangu Machi 1696, na kwamba chini ya Waingereza ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Lakini kweli iliyokatwa nusu ni hatari kuliko uongo, kwa sababu haimwachii msikilizaji nafasi ya kushuku.

Nusu ya pili iko wapi? Iko katika mwaka 1631, pale Yusuf bin Hasan, mwana wa ufalme wa Mombasa aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, alipoingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapiteni wa Kireno na kuushika mji. Iko katika wajumbe wa mji waliovuka bahari kwenda kuomba msaada wa Omani. Iko pia katika jambo linalovuruga hadithi nyepesi ya "sisi na wao": mwaka 1697, wakati wa mazingiwa, Wareno walipokuwa karibu kwisha kwa maradhi, waliobaki wakiilinda Ngome hiyo kwa muda walikuwa Waswahili chini ya Bwana Daud wa Faza. Watu wa pwani walikuwa na siasa zao, miungano yao na uhasama wao. Walitenda, hawakutendwa tu.

Na mwenyeji huyu ana jina. Mji wa Mombasa ulikuwa na mataifa yake kumi na mawili, ndiyo Thenashara Taifa: Tisa Taifa kwa upande mmoja, wakiwamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi na Wamtwapa, na Thelatha Taifa kwa upande wa pili, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Mgeni wa meli hufunga Kilindini na kununua kinyago Changamwe. Ametia mguu katika majina mawili kati ya matatu ya Thelatha Taifa, na hapana aliyemwambia.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa maana majina na maneno ndiyo kumbukumbu ya mji isiyohitaji tiketi. "Kilindini" ni "kilindi", maji ya kina kirefu, pamoja na kiambishi cha mahali. Anayejua hilo ameelewa kwa nini meli yake kubwa ilikuja upande huu wa kisiwa, na kwa nini Bandari ya Kale upande wa pili imebakiwa na majahazi. "Mvita" huelezwa na waongozaji wengi kuwa ni kisiwa cha vita, nao wageni huipenda maana hiyo kwa kuwa inaafikiana na mizinga waliyoiona. Lakini mapokeo ya wenyeji humtaja Shehe Mvita, na kabla yake Mwana Mkisi, malkia wa mji wa kale zaidi. Tafsiri ya kwanza humpa mgeni mizinga. Ya pili humpa ukoo, utawala na mwanamke aliyetawala. Hata kama mtaalamu atabishana na zote mbili, mgeni alistahili kusikia kuwa kuna mabishano.

Chukua tena neno "gereza". Wengi wa wanaisimu hulihusisha na neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Ndani ya Ngome mlikuwa na kanisa. Na kwa wenyeji waliotazama kutoka nje, jina la nyumba ile lilikuja kuwa jina la mahali watu wanapofungiwa. Ni historia nzima imekunjwa katika silabi tatu. Wareno hao hao walituachia meza, bendera, karata, parafujo na leso. Ukimwonyesha mgeni kuta za matumbawe bila ya maneno haya, umemwonyesha kombe bila ya konokono aliyemo.

Na leso yenyewe? Basi likipita karibu na Mtaa wa Biashara, akina mama wa ng'ambo hununua leso kwa furaha, wakachagua kwa rangi. Sisi wa pwani tunajua kwamba rangi ni nusu tu. Leso ina jina, yaani ule msemo uliopigwa chapa juu ya pindo, na mwanamke wa Mombasa hanunui leso kabla ya kulisoma jina lake, kwani huenda ikawa ni salamu, shukurani au kijembe. Mgeni anaondoka na kijembe mabegani asijue kimeelekezwa kwa nani. Ingemgharimu mwongozaji dakika moja kumsomea.

Najua nitajibiwa. Kuna watakaosema: mwalimu, wewe una mshahara, dereva, mwongozaji, muuza vinyago na mama wa viungo wana siku chache za meli kwa mwaka, usiwaharibie riziki. Hoja hii ni nzito, nami siidharau. Maharamia wa Somalia walipotamba baharini, hasa kati ya 2008 na 2012, meli nyingi ziliyakwepa maji yetu, na wengi Mombasa waliona jinsi mkono mtupu ulivyo. Aidha, ratiba haiandikwi Mombasa. Huandikwa na kampuni ya meli na wakala wake, na mwongozaji huambiwa tu basi liwe wapi saa ngapi. Mlaumiwa si yeye.

Wala shida yetu si ile ya miji mingine. Venice ililemewa na wageni hata Serikali ya Italia ikazizuia meli kubwa kupita katika mfereji wa Giudecca mwaka 2021, na mwaka 2024 mji ukaanza kuwatoza ada wageni wa kutwa katika siku fulani. Dubrovnik iliamua mwaka 2019 kupunguza meli zisizidi mbili kwa wakati mmoja. Mombasa haijafikia huko. Lakini kutofikia huko ni neema, maana tungali na nafasi ya kuamua mgeni wetu asikie nini kabla hajawa wengi mno kusikia lolote. Na kumsomea mtu jina la leso hakupunguzi mauzo ya leso. Huenda akanunua ya pili.

Sasa nigeuke upande wetu, ndugu walimu. Tuna haki gani ya kumcheka abiria wa meli? Tazama basi la shule linalofika Mombasa kutoka bara baada ya kusafiri usiku kucha, au kundi linaloteremka katika treni ya reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017. Watoto wana usingizi. Ngome saa moja, kila mmoja akinakili maandishi ya vibao asiyoyasoma. Kisha ni mamba wa Nyali, kisha ufuoni, kisha safari ya kurudi. Watoto hao wana kibandiko cha nambari kama wale wa meli, ila chao kimefumwa kifuani mwa sweta. Mji wa Kale hawakuingia, kwa kuwa basi haliingii katika vichochoro vyake.

Kibaya zaidi, safari hiyo tumekwisha kuifanya darasani kabla ya kupanda basi. Orodha ya lahaja tunayowakaririsha wanafunzi ni ziara ya basi iliyo kamili: Kiamu husemwa Lamu, Kimvita husemwa Mombasa, Kiunguja husemwa Unguja, tuondoke. Mwanafunzi hupata alama zake bila ya kulisikia neno moja la Kimvita likitamkwa. Naye Muyaka bin Haji, aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, aliyezitunga siasa na mapenzi ya mji huu kwa mashairi ambayo Mwalimu Sikujua na William Taylor waliyaokoa yasipotee, huyo huwa ni jina na miaka miwili katika mabano. Tumempita kama pembe za Barabara ya Moi, tukapunguza mwendo kidogo.

Pana kinaya kingine ambacho mwalimu wa Kiswahili hapaswi kukisahau. Mkutano ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, nao ulifanyika Mombasa. Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Sipingi usanifishaji, makala haya yenyewe ni matunda yake. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa Mji wa Kale asemaye "mato" kwa macho, "nti" kwa nchi na "ndoo" kwa njoo, kwa ile t inayotamkwa ncha ya ulimi ikigusa meno, huandikiwa kosa kwa kalamu nyekundu. Kisha shule hiyo hiyo humpeleka kutazama mji wake. Barabara kuu ya mji huo imeandikwa Ndia Kuu, na hakuna mwenye kalamu nyekundu awezaye kuisahihisha iwe Njia Kuu. Jina limesimama pale likishuhudia kwamba lahaja ilikuwa na mji kabla sanifu haijawa na kitabu.

Tufanyeje, basi? Sitatoa mapendekezo makubwa ya kuunda tume. Nitasema machache yawezekanayo muhula ujao.

Kwanza, mwalimu achague mtaa mmoja badala ya mji mzima. Ndia Kuu pekee, kutoka Ngomeni kuelekea Bandari ya Kale, kwa miguu, inatosha asubuhi nzima. Wanafunzi wagawanywe: hawa waandike majina ya vichochoro na misikiti, hawa sehemu za mlango wa kuchonga na majina yake, hawa maneno ya chakula yanayosikika barazani. Waambiwe wasinakili kibao chochote.

Pili, wafundishwe adabu ya kuuliza. Mji wa Kale ni makazi ya watu, si ua la makumbusho. Tangu miaka ya 1990 eneo hilo linahifadhiwa kisheria, na Ngome iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Lakini hakuna sheria inayomlazimu bibi aliyeketi barazani kuwa picha ya mtu. Mtu hupiga hodi, huamkia "shikamoo" kwa mzee, hungoja ajibiwe, ndipo aulize. Akikataliwa, hushukuru akaenda zake. Somo hilo pekee lina thamani ya nauli.

Tatu, kabla ya safari darasa lisome shairi moja la Muyaka kwa sauti, mwalimu akilieleza neno kwa neno, ili sikio liwe limefunguka. Anayefika Mombasa akijua "mato" ni nini atayasikia. Asiyejua atadhani mzee amekosea.

Nne, na hili ni kwa vyuo vyetu, tuwakaribie waongozaji. Wengi wao ni vijana wenye lugha tatu au nne na kumbukumbu kali. Wanachokosa ni mahali pa kujifunzia zaidi ya kukariri kutoka kwa aliyewatangulia. Idara ya isimu au historia inayoweza kuandaa kongamano la siku tatu hotelini inaweza kuandaa siku moja ya waongozaji, wakati wa kusi ambapo meli ni chache. Wapewe majina, maana na mabishano yake. Wapewe mwaka 1631. Wapewe viima vipya.

Mwisho, wahusika wa utalii wawaombe mawakala wa meli waongeze katika orodha yao ziara moja fupi ya miguu, isiyo na duka hata moja njiani, kwa wachache waitakao. Wapo abiria wanaotaka hivyo. Nimekutana nao, wamesimama pembeni ya wenzao, wakiuliza maswali ambayo ratiba haina nafasi yake.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii hufasiriwa siku hizi kwa hesabu ya fedha peke yake: mgeni aje, mwenyeji auze. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni ambaye hakujua kwamba mwenyeji yupo. Nasi tukiendelea kuusimulia mji huu kwa sentensi ambazo watu wake si viima, utafika wakati ambapo hata mtoto aliyezaliwa Kibokoni atahitaji kibandiko cha nambari ili aonyeshwe kwao.